Shirika Linalosimamia Kompyuta Yangu

Kompyuta yetu ya nyumbani ni laptopu ya mitumba iliyotoka Ubelgiji. Inakaa juu ya meza ya chakula, hapa Mbugangari, Gisenyi, nchini Rwanda, kati ya chupa ya chai na madaftari ya watoto. Kibodi yake ni ya Kifaransa, A imekaa mahali pa Q, na watoto wanaosomeshwa kwa Kiingereza huandikia hapo majina ambayo hata mimi baba yao siyatambui. Betri ilikufa zamani. Waya ukichomoka, na yenyewe inazima. Haina ofisi, haina bosi, haijawahi kuhudhuria mkutano wowote. Lakini ukifungua kivinjari, ukabonyeza zile nukta tatu za pembeni na kuteremka mpaka chini kabisa, kuna mstari mdogo unaosema: "Kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako."

Shirika lipi? Chama pekee nilichomo ni kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani, na mhasibu wake bado anaandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari. Nikamwuliza mke wangu, maana nyumba hii ikiwa na shirika, mkurugenzi ni yeye. Akanijibu kwamba ana sambaza za kuanika, vile visamaki vya ziwani, hana muda wa kusimamia vivinjari.

Mambo yenyewe yako hivi. Vivinjari vimewekewa utaratibu wa halali kabisa kwa ajili ya mabenki, vyuo na wizara. Fundi wa ofisi anaandika masharti machache ndani ya rejista ya Windows, na tangu hapo mfanyakazi hawezi kubadilisha ukurasa wa mwanzo wala kuondoa kiendelezi alichowekewa. Kivinjari hakiulizi barua ya ajira. Kikikuta masharti, kinatii. Basi programu korofi nayo inaandika masharti yale yale mahali pale pale, na wewe mwenye nyumba unageuka mwajiriwa mezani pako mwenyewe, bila mshahara, bila likizo. Kitufe cha "Ondoa" unakiona, kipo, lakini kimepauka rangi ya majivu, na pembeni yake wamekuchorea kijengo kidogo. Nadhani ndiyo makao makuu.

Kilichotuletea haya yote ni PDF. Binti yangu mkubwa alikuwa anaomba kazi, akatakiwa kuunganisha vyeti vyake vyote katika faili moja. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Goma, ndiye mtaalamu wa ukoo kwa mambo ya mitambo, na siku hiyo alikuwa kwetu. Akatafuta programu ya bure. Ukurasa uliomfungukia ulikuwa na vitufe vinne vya kijani vya kupakua, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake, na kile cha kweli kilikuwa maandishi madogo ya buluu chini kabisa, mahali ambapo watu huandika haki miliki. Akaipata programu ya PDF, na pamoja nayo wakaingia wengine: antivairasi ya majaribio, kitu cha "kuongeza kasi ya kompyuta" kilichoifanya itambae, upau wa kutafutia, na kidude cha hali ya hewa ambacho, kwa kuwa simu inayotupa intaneti hapa mpakani mara nyingine hushika mnara wa ng'ambo, Kongo, hututangazia mvua ya Kinshasa.

Simlaumu kijana. "Mjomba, mimi nilibonyeza tu 'Ninakubali'," alisema, na ni kweli, duniani nani amewahi kubonyeza kingine? Dirisha lilimpa njia mbili. Moja imeandikwa kwa herufi nene: ya haraka, ndiyo inayopendekezwa. Ya pili imeandikwa hafifu, kwa ajili ya "watumiaji wazoefu", yaani wakutishe kidogo usiiguse. Ukiichagua ile ya pili ndipo unapoviona visanduku, vyote vimeshatiwa alama ya vema na mtu usiyemjua, kwa niaba yako. Hao wazoefu ndio peke yao walioruhusiwa kujua kinachoingia nyumbani mwao.

Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kila aliyewahi kupita Petite Barrière, mpaka wetu na Goma, ambapo umati unavuka kwa miguu kila siku na mabeseni kichwani, anajua: mkate wako utapita, mfuko wa nailoni ulioufungia utabaki hapo hapo mpakani. Kwenye kompyuta ni kinyume. Mfuko ndio unaotangulia, bila kukaguliwa, na ukiuliza mkate uko wapi unaambiwa uanzishe upya mashine.

Na urasimu wote wamewekewa wanaotoka.

Nilitenga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tukazibua mtaro wa mudugudu mzima. Mchana nikaketi mbele ya laptopu. Nikaanza na antivairasi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko wenzake. Jina lake silitaji, isije ikaniita tena. Nikaenda kwenye orodha ya programu, nikalibonyeza jina, nikachagua kuondoa. Windows ikaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. Ikaja antivairasi yenyewe na ngao yake nyekundu, ikauliza kama nina uhakika kwamba nataka kubaki bila ulinzi wakati huu ambapo vitisho 214 vinanizunguka. Hiyo 214 ilinishangaza, kwa sababu kabla sijabonyeza kuondoa iliniambia mambo yako shwari. Chini ya ngao kulikuwa na kitufe cha kijani, kipana kama upande mzima wa dirisha: "Endelea kunilinda." Chini yake tena, kwa herufi za kijivu juu ya ukuta wa kijivu, ukiinamisha skrini kidogo unaona: "Hapana, nakubali hatari."

Nikakubali hatari. Kuishi kati ya ziwa lenye gesi ya methani na mlima Nyiragongo, uliolipuka tena Mei 2021, hatari nimeshazikubali nyingi.

Likaja dirisha la punguzo la bei. Nikakataa. Likaja la maoni: tueleze sababu ya kuondoka. Walikuwa wameniandalia majibu sita, bei ni kubwa, nimepata nyingine nzuri zaidi, kompyuta yangu ni nzito na kadhalika, na hata moja halikusema "sikuwaita". Kisha kijisanduku kingine, nacho kimeshatiwa vema: tuhifadhi mipangilio yako kwa ajili ya siku utakaporudi. Nikaitoa ile vema kwa kidole kinachotetemeka kwa hasira. Ndipo kivinjari kikafunguka chenyewe, kikaanza kupakua video ya watu wenye nyuso za huzuni wakiniaga, kwa MB ambazo nilizinunua kwa MoMo asubuhi ile ile.

Mstari wa maendeleo ukaanza kutembea. Kumi, arobaini, tisini. Ukafika 99, ukakaa. Hapo kwenye 99 ndipo programu zote duniani hupumzika kunywa chai. Nami nikaenda kunywa yangu, na kikombe kikiwa mkononi cash power ikaisha, nyumba ikazima, laptopu nayo, kwa heshima ya marehemu betri yake, ikazima.

Tulipoingiza tokeni na umeme kurudi, niligundua mantiki ya ajabu ya mafundi waliotengeneza kitu kile. Programu ilikuwa bado ipo. Ngao ipo, kelele zipo. Kilichokuwa kimefutika ni ile sehemu yake ya kujifutia. Nikibonyeza kuondoa, Windows inasema faili la kuondolea halipatikani. Yaani katika nyumba nzima yenye vyumba mia, walianza kwa kubomoa mlango wa kutokea.

Mpwa wangu akanieleza kwamba hilo si geni. Makampuni makubwa ya antivairasi, McAfee na Norton wakiwemo, yametengeneza programu maalumu, unayoipakua kwa safari ya pekee, kazi yake kuondoa programu yao wenyewe pale njia ya kawaida inaposhindwa au kuacha mabaki. Kwa hiyo kuna kufuta, halafu kuna kufuta kwa kweli, na hiki cha pili kiko kwenye ukurasa mwingine. John McAfee mwenyewe, aliyeanzisha kampuni yenye jina lake na kuachana nayo mwaka 1994, alitoa video mwaka 2013 ya kufundisha watu jinsi ya kuiondoa antivairasi hiyo, nayo inaishia yeye akiipiga kompyuta risasi. Huko kwao watu walicheka. Hapa, hasa tangu vita vya Goma vya Januari 2025, ukitoa mlio wa namna hiyo mtaa mzima utalala chini, na jirani yako hatakusamehe.

Tulipakua hiyo ya kufuta kwa kweli. Ikafuta. Ndipo ukaanza msako wa masalia, na hapa niseme wazi kwamba yeyote anayekuambia programu "imeondolewa kikamilifu" kwa sababu dirisha limesema hivyo, huyo anauza kitu. Ile folda kubwa ya Program Files ilikuwa safi. Lakini ipo nyingine, ProgramData, imefichwa, lazima uiamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa. Ipo na AppData, nayo imefichwa, tena ina vyumba vitatu ndani, na kila mtumiaji wa kompyuta ana ya kwake. Sisi tuna watumiaji wanne: mimi, mke wangu, watoto, na mmoja anayeitwa "Jean" ambaye alikuja na mashine na hatumjui, ila tumezoeana naye. Kidude cha hali ya hewa kilikuwa kimejificha kwa Jean.

Ukurasa wa mwanzo ulitutoa jasho zaidi. Tuliubadilisha kwenye mipangilio, ukarudi. Tukabadilisha tena, ukarudi tena, na injini yake ya kutafutia isiyojua kutafuta, ambayo ukiiuliza bei ya saruji Rubavu inakuletea mahoteli ya Dubai. Mpwa wangu akabonyeza kulia juu ya ile aikoni ya kivinjari tunayoibonyeza kila siku, akafungua sifa zake. Kuna kijisanduku kinachoonyesha njia ya programu. Kwa kawaida inaishia kwenye .exe na alama ya kufungia nukuu. Yetu haikuishia hapo. Baada ya nukuu kulikuwa na nafasi moja, kisha anwani nzima ya ile tovuti, imesukumwa nje ya upeo wa kijisanduku, huioni mpaka uweke kishale ndani na kukisogeza kulia, herufi kwa herufi. Yaani kila tulipofungua kivinjari, sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunaiita tovuti kwa jina. Nilikaribia kumpigia makofi aliyebuni ufisadi huo. Ufundi kama ule ungetumika kwenye PDF tangu mwanzo, binti yangu angekuwa ameshapata kazi.

Likabaki shirika.

Makao yake yalikuwa ndani ya rejista. Rejista ilianza udogoni na Windows 3.1 mwaka 1992, ikawa ghala kuu la mipangilio tangu Windows 95, na hakuna kitu ambacho hakimo humo: rangi ya dirisha, jina la printa uliyoiuza, kumbukumbu za michezo ambayo watoto walishaisahau. Unaingia, unaandika jina la mhalifu, unabonyeza F3, anatokea, unafuta, F3, anatokea tena kwa jina la ukoo, F3. Mke wangu alipita na beseni, akauliza mnacheza nini. Chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, kwenye SOFTWARE, kuna sehemu inaitwa Policies, na ndani yake kulikuwa na jina la kivinjari chetu na masharti yote yaliyoandikwa kwa niaba ya mkurugenzi asiyejulikana. Kabla ya kufuta tulihifadhi nakala ya rejista, kwa kuwa ukigusa pasipogusika humo ndani, Windows haiamki. Tukafuta. Ofisi ikafungwa, kitufe cha "Ondoa" kikapata rangi, nami nikatangaza ushindi kwa sauti.

Tukaizima, tukaiwasha. Shirika likarudi kazini.

Sababu ilikuwa kwenye kiratibu kazi cha Windows, mahali ambapo programu huacha maagizo: kila mtu akiingia, fanya hili. Kulikuwa na agizo lenye jina la heshima, kitu kama "sasisho la usalama", na kazi yake ilikuwa kuandika upya masharti yote kila kompyuta inapowaka. Kwa hiyo utaratibu, na huu nauandika kwa ajili ya yeyote anayeumia peke yake, ni kukata intaneti kwanza, kisha kuua agizo la kiratibu, kisha masharti ya rejista, kisha kiendelezi, mafolda mwishoni, halafu ndipo unazima na kuwasha. Ukianzia mwisho kurudi mwanzo utafuta mpaka uzeeke. Ziko programu za kukufanyia kazi hiyo. AdwCleaner ni ya bure, na kampuni ya Malwarebytes iliinunua mwaka 2016. Ila nizipakue kwa roho gani? CCleaner, programu ya usafi iliyojulikana kuliko zote, mwaka 2017 iliingiliwa na wahalifu huko huko inakotengenezwa, na toleo lake rasmi likasambazwa na uchafu ndani, kwa watumiaji zaidi ya milioni mbili. Fagio lenyewe lilikuja na kunguni.

Kama kuna mtu mmoja duniani ningependa aje Gisenyi nimnunulie sahani ya sambaza za kukaanga pale ufukweni, ni profesa Edward Felten, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mwaka 1998 serikali ya huko iliishtaki Microsoft, na hoja mojawapo ya kampuni ilikuwa kwamba kivinjari chake cha wakati ule, Internet Explorer, ni kiungo cha Windows, hakitenganishiki nayo. Felten, pamoja na vijana waliowahi kuwa wanafunzi wake, wakaandika programu ya kukitenganisha, akaenda kuionyesha mahakamani. Februari 1999 Microsoft wakaleta video ya kuthibitisha kwamba ukiitumia programu ya profesa, Windows inadorora. Wakili wa serikali, David Boies, akaitazama kwa makini, akaona maandishi ya juu ya dirisha yanabadilika katikati ya onyesho. Kampuni ikaishia kukiri kwamba ile video, iliyodaiwa kuonyesha kompyuta moja, ilitumia zaidi ya moja. Ningelipa kiingilio kuiona siku ile.

Karibu miaka saba baadaye profesa huyo huyo anatokea tena. Sony BMG walikuwa wanauza CD za muziki ambazo ukiziweka kwenye kompyuta zinajisakinishia programu ya kuzuia kunakili, na programu hiyo inajificha: faili lolote ambalo jina lake linaanza na $sys$ halionekani tena. Mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, aliianika hadharani tarehe 31 Oktoba 2005. Watu wakataka kuiondoa. Unajua walichoambiwa? Wajaze fomu, watoe anwani ya barua pepe, wasubiri. Umenunua muziki, umebebeshwa mzigo, na sasa unaandika maombi ya kutuliwa mzigo! Felten na mwenzake Alex Halderman wakaichunguza ile njia ya kuondolea, wakakuta inaacha tundu linaloruhusu tovuti yoyote kuendesha inachotaka ndani ya kompyuta yako. Aliyebaki na ugonjwa alikuwa salama kuliko aliyekunywa dawa. Lenovo nao, Februari 2015, walibanwa kuhusu Superfish, programu ya matangazo waliyoiweka kwenye laptopu mpya. Ukiiondoa kwa njia ya kawaida, cheti chake kilichokuwa kinadanganya kivinjari juu ya tovuti zilizolindwa, hata za benki, kilibaki palepale.

Kwa hiyo mtu asiniambie tatizo ni mpwa wangu na kidole chake. Makampuni yenye mawakili na maghorofa yamekuwa yakifanya hivi tangu watoto hawa hawajazaliwa.

Na sasa kinachonikera kuliko vyote. Kivinjari cha Edge, kile ambacho Windows inakuja nacho na kukukumbusha kila asubuhi jinsi kinavyokupenda, kinaondoleka kwa kitufe cha kawaida kabisa. Naam. Tangu mwaka 2024, kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu masoko ya kidijitali, Microsoft imekubali mtu akiondoe. Mtu wa Ulaya. Kitufe kile kinategemea nchi iliyochaguliwa siku kompyuta inaanzishwa: ukiwa kwenye eneo la uchumi la Ulaya, unaruhusiwa, ukiwa kwingine, kimepauka rangi ya majivu. Na Windows 10 ilipofikishwa mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, Wazungu hao hao waliongezewa mwaka wa ulinzi kwa masharti mepesi kuliko yetu. Sasa fikiria laptopu hii. Ingebaki kwao Ubelgiji, ingekuwa na haki zake zote. Ilivuka bahari ikapigwa windo, yaani ikawekewa Windows upya, ikaandikishwa Rwanda, na haki zikabaki bandarini. Chuma ni kile kile, waya ni ule ule, hata A bado iko mahali pa Q.

Nilimweleza hayo fundi wangu wa mjini, ambaye ana dawa moja kwa magonjwa yote. Kompyuta haitoi sauti? Tupige windo. Herufi R imeng'oka? Mzee, leta tupige windo. Kwa muda mrefu nimemkwepa, maana windo lake huja na vitu vyake anavyovipenda yeye: vicheza video vitatu, antivairasi mbili zinazogombana, na picha ya gari jekundu kwenye skrini. Safari hii nikamwambia sawa, piga, lakini nakaa hapa hapa pembeni yako, na huweki kitu hata kimoja nisichokitaja kwa mdomo wangu. Akanitazama kwa huruma, akachomeka flashi.

Ikafika ile skrini inayouliza uko nchi gani. Kidole chake kikawa kinateremka kwenye R, nikakishika. "Weka ya Ulaya," nikasema.

"Ubelgiji basi, mzee, si ndiko ilikotoka."

Nikasita. Rwanda ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji tarehe 17 Machi 2025, na mimi si mtu wa kuanzisha ubalozi wangu mezani bila kuuliza. Tukaipitia orodha. Ufaransa ina historia yake. Norwei nilishindwa kuieleza kwa nini. Fundi akauliza kama kuna yenye volkano, ili kompyuta isione ugeni, tukaafikiana Iceland, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo kwenye lile eneo la uchumi, na kitufe kinakubali.

Kimekubali. Nimekiondoa Edge kwa bonyezo moja, sikuulizwa sababu, hakuna aliyeniaga kwa video. Tatizo lililobaki ni dogo. Mke wangu amefungua daftari lake la hesabu kwenye kompyuta akakuta bei zote za sambaza, kuanzia za jumla mpaka za kijiko, zimeandikwa kr. badala ya faranga. Anataka hiyo kr. niiondoe kabla ya soko la kesho.